Tulisema Hatuna Neno

Watu husema "hatuna neno" wakiwa wamejaa maneno mpaka kooni. Mimi ni mmoja wao. Nilisema hatuna neno mbele ya mashahidi sitini na tatu. Nusura nimfungie mama mkwe wangu ndani ya nyumba maisha yake yote.

Mimi ni fundi cherehani. Cherehani yangu iko barazani, mbele ya nyumba yetu ya vyumba vitatu. Mume wangu ni mwoka mikate. Hutoka kabla ya jua na kurudi saa nne asubuhi, unga umemjaa mpaka kwenye nyusi. Tunaishi na mama yake.

Mama alikatwa mguu miaka minne iliyopita kwa sababu ya kisukari. Tangu hapo anatumia kiti cha magurudumu. Lakini usimwonee huruma mbele yake. Atakujibu jibu ambalo utalala nalo. Yeye ni fundi wa zipu. Ana meza ndogo kwenye lango la soko, katikati ya mji. Hapo hutengeneza zipu za mabegi, za makoti na za suruali. Mji mzima unamwita Mama Zipu.

"Wote wanakuja kwangu," hupenda kusema. "Zipu ikikatika, hakuna bosi wala mtumwa. Wote wanashika suruali."

Kila asubuhi saa mbili ninamsukuma kwenda kazini. Mtaa wetu uko juu. Soko liko chini. Kuna njia mbili za kushuka. Ya kwanza ni barabara kubwa. Ina malori mengi na haina mahali pa kupita kwa miguu. Ya pili ni Mteremko.

Mteremko si barabara. Ni njia ya saruji iliyo nyuma ya ghala la zamani. Imepasuka hapa na pale. Upana wake ni mkokoteni mmoja na mtu mmoja. Inashuka polepole, inakata kona moja, kisha inakutoa langoni mwa soko. Kwa Mama, hiyo ndiyo njia pekee.

Jumanne moja tuliwakuta watu wawili pale kwenye kona. Walikuwa na ndoo ya rangi nyekundu. Walikuwa wanachora mistari ukutani.

"Jamani, hamjambo? Mnachora nini?" nikauliza.

"Hatujambo, dada. Tunaweka alama," mmoja akajibu. "Hapa panajengwa upya. Kule juu patakuwa maegesho ya magari. Hapa kwenye kona patakuwa na ukuta, na ngazi za kushukia."

"Ngazi ngapi?"

"Ishirini na mbili."

Mama akamtazama. "Na mimi nitashukaje, Bwana Rangi? Nidunde kama mpira?"

Yule mtu akakitazama kiti. Kisha akaitazama ndoo yake. "Mama, sisi tunapaka rangi tu. Lakini wakazi mliulizwa. Tumeambiwa mliulizwa."

Tukaendelea kushuka. Mama hakufanya mzaha tena mpaka sokoni. Hilo ndilo lililonitisha. Nilipompangia vifaa vyake mezani, akanishika mkono.

"Mwanangu, ngazi zikijengwa, mimi nitakaa wapi?"

"Mama, tutatafuta njia."

"Nitakaa dirishani," akasema. "Nitakuwa nahesabu migongo ya watu wanaokwenda kazini."

Nilimsogezea mkasi wake, nikaondoka.

Nilirudi nyumbani nikamweleza mume wangu. Alikuwa ananawa unga mikononi.

"Muulize Baba Mdogo," akasema. "Yeye ndiye mwenyekiti. Lakini muulize taratibu, mke wangu. Unamjua."

Ninamjua. Baba Mdogo ni mdogo wake marehemu baba mkwe. Ameongoza mtaa wetu miaka tisa. Ni mtu safi na mwenye heshima. Anapiga pasi hata soksi. Nilimkuta sebuleni kwake akipanga karatasi.

"Shikamoo, Baba Mdogo."

"Marahaba, mwanangu. Kumekucha salama?"

"Salama. Baba Mdogo, nani alikubali ngazi zijengwe pale Mteremko?"

Akavua miwani. "Ninyi."

"Sisi?"

"Ninyi wakazi. Na wewe ulikuwepo. Ulikaa mstari wa pili. Ulikuwa na gauni la bibi harusi mapajani, unashona pindo."

Nikakumbuka. Ilikuwa miezi miwili nyuma, saa nane mchana, jua kali. Afisa wa mipango miji alikuja na ramani. Aliongea saa nzima. Alisema "uendelezaji upya wa eneo la kati." Alisema "mtiririko wa vyombo vya usafiri." Ramani yenyewe ilikuwa mistari mitupu, kama mguu wa kuku umepita kwenye majivu. Watu walipiga miayo. Mimi nilikuwa na haraka ya lile gauni. Mwishoni Baba Mdogo alisimama akauliza, "Jamani, mna neno?"

Tukaitikia kwa pamoja kama darasa la kwanza: "Hatuna neno!"

Sauti yangu ilikuwamo. Tena ilikuwa juu.

"Lakini Baba Mdogo," nikasema, "ile ilikuwa adabu tu. Mtu akikuuliza una neno, unamjibu sina neno. Ndivyo tunavyoagana. Maana yake tumechoka, tunakushukuru, twende nyumbani."

"Katibu aliandika mlivyosema. Ripoti imekwenda." Akavaa miwani yake tena. "Mambo ya mji ni makubwa, mwanangu. Usije ukanitia aibu mbele ya wakubwa."

Nikaaga, nikaondoka.

Jioni hiyo Dada Ramani alikuja kuchukua sketi yake. Ni mpangaji wa chumba cha uani kwa jirani. Tunamwita Dada Ramani kwa sababu anachora ramani kwenye ofisi ya wapima ardhi. Alinikuta nimekosea mshono mara tatu.

"Leo cherehani inakushona wewe," akasema. "Kuna nini?"

Nikamweleza yote. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Huo mpango umeshapitishwa, au bado ni rasimu?"

"Rasimu ni kitu gani?"

Akatazama gauni lililoning'inia ukutani. Lilikuwa bado na pini. "Lile limekamilika?"

"Bado. Nimelishikiza tu kwa pini. Mwenyewe atakuja kulijaribu, nione linabana wapi."

"Basi rasimu ni gauni la pini. Mpango umechorwa, lakini wenyewe hawajaujaribu. Bado unaweza kulegeza kiuno au kushusha pindo. Likishapigwa cherehani, inakuwa kazi ya kufumua, na kufumua saruji si mchezo. Kesho twende ofisi ya kata. Lazima kuna tangazo."

Kesho yake tulikwenda. Tangazo lilikuwepo kwenye ubao, ila lilifunikwa na karatasi ya mechi ya mpira. Dada Ramani aliifunua. Tukasoma pamoja, polepole.

Tangazo lilisema hii ni rasimu ya mpango. Lilisema yeyote anayeishi, anayefanya kazi au anayepita katika eneo hilo anaweza kutoa maoni. Mwisho wa maoni ulikuwa Ijumaa ya wiki inayofuata. Siku hiyo kungekuwa na kikao cha wazi katika ukumbi wa mji, jirani na soko, saa tatu asubuhi.

"Siku tisa," nikasema.

"Siku tisa zinatosha kushona gauni," akasema Dada Ramani.

Tukaomba kuona jalada la mpango. Karani alitutazama kama tumeomba funguo za benki. Lakini tangazo lenyewe lilisema jalada liko wazi kwa kila mtu. Dada Ramani akamwonyesha mstari huo kwa kidole. Akalileta.

Ndani kulikuwa na muhtasari wa kikao chetu. Muhtasari ni maandishi ya yale yaliyosemwa. Sisi wote tulikuwa mstari mmoja tu: "Wakazi sitini na nne walihudhuria. Waliulizwa kama wana neno. Hawakuwa na neno."

Chini yake kulikuwa na sahihi zetu. Mimi nilikuwa namba thelathini na moja.

"Nilidhani ni karatasi ya mahudhurio tu," nikasema.

"Ni ya mahudhurio. Lakini tazama ilipobanwa. Imebanwa nyuma ya neno hilo. Mtu akisoma haraka anadhani mmekubali."

Kisha tukaitazama ramani. Nyumba zilikuwepo. Soko lilikuwepo. Ghala lilikuwepo. Mahali pa Mteremko palikuwa peupe. Pameandikwa: "Eneo wazi. Halitumiki."

"Halitumiki!" Nilipiga kelele mpaka karani akainua kichwa. "Nusu ya mji inapita hapo!"

"Punguza sauti. Ona, hii imechorwa kutoka picha ya angani," Dada Ramani akaeleza. "Paa la ghala limetokeza nje. Limeifunika njia. Aliyechora hakuwadharau. Hakuwaona tu. Na alipokuja kuwauliza, mkamwambia hamna neno."

Nilikuwa nimekuja kutafuta mwizi, nikakuta sahihi yangu.

Tulipokuwa tunarudi, nilisema nitasimama kikaoni niwaeleze habari za Mama mpaka walie.

"Watalia," akasema Dada Ramani. "Watakupa pole. Kisha watajenga ngazi. Mji haupangwi kwa pole, shoga yangu. Wewe mteja akija na kusema nguo inambana, unafanya nini?"

"Nachukua futi. Nampima."

"Basi upime Mteremko. Nani anapita? Wangapi? Wamebeba nini? Halafu usiende na 'hatutaki' peke yake. Nenda na mnachotaka. Na uandike barua. Upeleke nakala mbili, wapige muhuri kwenye zote, moja ubaki nayo. Maneno ya mdomoni yanabaki ukumbini. Barua yenye muhuri inakwenda na jalada."

Alhamisi asubuhi nilihamishia cherehani yangu juu ya Mteremko. Pembeni niliweka makopo matatu na mfuko wangu wa vifungo. Mtu akipita mikono mitupu, nadondosha kifungo cheupe. Akiwa na mzigo, cheusi. Akiwa na kitu chenye magurudumu, chekundu.

"Unafanya uganga gani hapo?" akauliza muuza maji, akipita na mkokoteni wake.

"Nakuhesabu."

"Nihesabu mara nane. Nitapita hapa mara nane leo."

Nikamdondoshea chake. Alipita mara nane kweli. Kila akipita anapaza sauti, "Chekundu!"

Tuliifanya kazi hiyo siku tatu, kwa zamu. Mume wangu alishika zamu ya mchana, macho mekundu kwa usingizi. Jumamosi jioni tulimwaga vifungo kwenye mkeka na kuhesabu. Watu wenye mikono mitupu walikuwa mia tisa na arobaini. Wenye mizigo, mia tano na kumi na mbili. Magurudumu, mia mbili na sitini na saba. Na kulikuwa na jambo ambalo sikulijua. Mama hakuwa peke yake. Viti vya magurudumu vilikuwa vitatu. Kimoja ni cha mwalimu wa mtaa wa pili. Kingine ni cha binti anayekwenda kujifunza kompyuta.

Mama aliposikia, aliokota vifungo vitatu vyekundu. "Miaka yote hii nilidhani mimi ndiye malkia pekee mwenye kiti," akasema. "Kumbe tuko watatu."

Jumapili tuliita majirani barazani. Tulichagua saa kumi jioni, saa ambayo wafanyabiashara wa soko wamefunga na mafundi wamepumzika. Nilitandika shuka kuukuu chini. Kwa chaki yangu nilichora mtaa mzima. Hii nyumba yetu. Hili ghala. Huu Mteremko. Hili soko. Hakuna aliyesema haelewi. Kila mtu alipiga magoti kutafuta mlango wake.

"Umesahau bomba la maji," akasema muuza maji. Nikachora bomba.

"Hapa kwenye kona maji hujaa mvua ikinyesha," akasema muuza mboga. "Viatu unavua."

"Hapa jua likizama pana giza," akasema binti wa kompyuta. "Sipiti peke yangu."

Kila neno nililitilia alama. Ndipo nikaelewa jambo. Mteremko wetu haukuwa mzuri. Tuliupenda kwa sababu tulikuwa nao tu. Mpango wa mji ulikuwa na taa na mitaro. Vitu hivyo tulivitaka. Tulichokikataa ni ngazi tu.

Kisha akaja Bwana Saruji. Ana duka la vifaa vya ujenzi nyuma ya ghala. Ni mnene, sauti yake haijui kunong'ona.

"Mimi nataka maegesho!" akasema akiwa bado hajakaa. "Malori yangu yanashushia mzigo barabarani. Madereva wanapiga honi, askari wananisumbua. Ninyi mnapinga maendeleo!"

"Keti kwanza, Bwana Saruji," akasema Mama. "Vipi lile koti lako? Zipu bado inashika?"

"Inashika, Mama Zipu. Inashika vizuri."

"Basi aliyekufungia koti si adui yako. Keti."

Watu wakacheka. Akaketi.

Dada Ramani akamuuliza kwa upole. "Unachohitaji ni maegesho, au ni mahali pa kushushia mzigo?"

Bwana Saruji akafikiri. "Mahali pa kushushia. Saa moja tu, asubuhi. Mimi sina gari la kuegesha kutwa."

"Na upande huu wa ghala kuna nini?" Akaonyesha kwenye shuka.

"Hapo? Vyuma chakavu. Vya mji wenyewe, vimekaa miaka." Akaweka kidole chake kinene juu ya chaki. "Lori linaweza kugeuka hapo. Ajabu. Nimepaona kila siku na sikupaona."

Siku hiyohiyo tuliandika barua. Ilikuwa ukurasa mmoja. Tuliandika hesabu ya vifungo. Tuliandika tunachokubali: taa na mitaro. Tuliandika tusichokubali: ngazi pale kwenye kona. Na tuliandika tunachopendekeza: Mteremko ubaki na utiwe saruji mpya na mkono wa chuma wa kushikilia, maegesho na mahali pa malori viende upande wa vyuma chakavu. Kabla mtu hajatia sahihi, Dada Ramani aliisoma kwa sauti, mara mbili. Asiyejua kuandika aliweka dole gumba. Jumatatu karani alipiga muhuri kwenye nakala zote mbili. Safari hii hakunitazama vibaya.

Nilimpelekea Baba Mdogo nakala ili aisome. Hakuipokea.

"Mmekaa kikao bila mwenyekiti," akasema.

"Tulikuita, Baba Mdogo. Nilikuja mwenyewe."

"Uliniita kwenye shuka." Akageuka. "Mimi niliwaambia wakubwa kwamba mtaa wangu hauna neno. Sasa nitaonekana mtu gani?"

Mume wangu alikuwa amesimama mlangoni. Tulipotoka alisema, "Ijumaa acha barua iongee. Wewe kaa kimya. Barua inatosha."

Nilitaka kumsikiliza. Ni mume wangu, na aliyasema hayo kwa upendo.

Ijumaa ukumbi ulijaa. Wakubwa wa mji walikaa mbele, watu watano, maji ya chupa mezani. Yule afisa wa mipango miji alikuwepo na ramani yake. Alikuwa kijana mwembamba, shati limelowa jasho. Alieleza mpango tena. Hakuitaja barua yetu. Nilidhani ataifikia. Alikunja karatasi yake.

Baba Mdogo akasimama. Suti yake ilikuwa imenyooka kama kadibodi. Hakututazama.

"Waheshimiwa," akasema, "kwa niaba ya mtaa wangu, nawashukuru. Kama mlivyoandikiwa awali, nadhani wakazi hawana ne..."

"Mimi nina neno."

Nilisikia sauti kabla sijajua ni yangu. Nilikuwa nimeshasimama. Ukumbi ukageuka wote. Mume wangu alifunika uso kwa mikono. Kumkata mzee kauli mbele za watu si jambo dogo. Nyumbani kwetu sijawahi hata kumpita Baba Mdogo mlangoni.

"Kaa chini, mwanangu," akasema Baba Mdogo, taratibu.

"Nitakaa nikimaliza, Baba Mdogo. Miezi miwili iliyopita nilisema sina neno. Sahihi yangu ni namba thelathini na moja. Nilikuwa na haraka na pindo la gauni. Leo sina haraka."

Nilimwaga makopo matatu ya vifungo juu ya meza ya wakubwa. Vikasambaa kati ya chupa za maji. Vingine vikaanguka chini. Nikaeleza vyeupe, vyeusi na vyekundu. Nikasema barua yetu imepigwa muhuri Jumatatu, na nakala ninayo mkononi. Muuza maji akapaza sauti kutoka nyuma, "Mimi ni nane ya hivyo vyekundu!"

Afisa alikuwa ameshika kifungo chekundu. "Barua ipi?" akauliza. Akafungua jalada, akapekua. Ilikuwemo, chini kabisa. Akaisoma kimya, midomo ikicheza. Kisha akaitazama ramani yake.

"Hapa pameandikwa halitumiki," akasema.

"Bwana Afisa," akasema Mama Zipu kutoka kwenye kiti chake, "mimi nimekuja hapa kwa njia isiyotumika. Njoo unirudishe kwa njia hiyohiyo."

Kijana yule alikuwa na aibu, lakini pia alikuwa na akili. Alisimama. "Twende," akasema.

Ukumbi mzima ukatoka. Afisa alimsukuma Mama mwenyewe. Tulipofika kwenye kona yenye rangi nyekundu alisimama, akahema. Mkokoteni wa mboga ukapita pembeni yake. Akainua macho, akaliona paa la ghala limeifunika njia.

"Nilichora hapa nikiwa mezani," akasema. "Kilomita sita kutoka hapa."

"Si kitu," akasema Mama. "Hata mimi zipu nyingine siioni mpaka niishike."

Mpango haukubadilika siku hiyo. Mambo ya mji hayaendi hivyo. Afisa alirudi mara mbili na watu wa kupima. Safari ya pili alikuja saa mbili asubuhi, saa yenye watu wengi, akahesabu mwenyewe. Tulikaa vikao vingine viwili. Hatukupata kila kitu. Tuliomba taa sita, tukapewa nne. Bomba la maji ilibidi lihamishwe hatua thelathini, na muuza maji alinuna mwezi mzima. Lakini ngazi ziliondolewa kwenye mchoro. Vyuma chakavu vilibebwa. Malori ya Bwana Saruji sasa yanashushia mzigo upande ule, asubuhi, bila honi.

Mteremko una saruji mpya, laini. Una mtaro na mkono wa chuma. Mama Zipu huenda sokoni saa mbili kama zamani. Siku hizi pale pa chini ananiambia nimwachie. Anajishusha mwenyewe, mkono mmoja kwenye chuma, akiwapigia kelele watu wampishe. Kwenye ramani ya sasa mahali pale hapajaandikwa tena "Eneo wazi." Pameandikwa "Mteremko." Nimepaona kwa macho yangu.

Na vikao vyetu vimebadilika. Ramani inatandikwa chini, si ukutani. Karatasi ya mahudhurio imeandikwa juu kabisa: "Hii ni ya mahudhurio tu." Muhtasari unasomwa kwa sauti kabla hatujaondoka. Na hakuna anayeuliza tena, "Mna neno?" Tunauliza, "Nani hajasema?" Kisha tunasubiri. Kimya kinakuwa kirefu. Mwishowe mtu wa nyuma anakohoa na kuanza.

Lakini Baba Mdogo hakuja kwetu mwaka mzima.

Alikuja Jumapili iliyopita, alasiri. Alikuwa na koti lake la suti mkononi. Mume wangu akamwekea kiti barazani, akasimama nyuma yake kama askari wa zamu.

"Shikamoo, Baba Mdogo."

"Marahaba." Alilitazama koti. "Bitana imefumuka. Wanasema hakuna fundi mwingine."

"Lete nilione."

Nililigeuza. Kazi ilikuwa ndogo. Nikatunga uzi. Yeye akakohoa.

"Njia imekuwa nzuri," akasema. "Hilo nakubali. Hata mimi nimeipita. Na sikupaswa kuiacha barua yenu bila kuisoma. Hilo nalo nakubali."

"Asante, Baba Mdogo."

"Lakini ulinikata kauli. Mbele ya watu. Mimi, mdogo wake baba mkwe wako."

"Nilikukata."

"Ungeweza kusubiri nimalize."

"Ungemaliza, wangefunga jalada."

Mume wangu akanikonyeza. "Mke wangu," akasema kwa sauti ya chini, "yameshapita. Mwambie mzee neno moja tu. Samahani. Yaishe."

Baba Mdogo akaweka mikono magotini, akasubiri. Ndani, Mama Zipu aliacha kugonga zipu. Alikuwa anasikiliza.

Nililipenda lile koti. Nilimpenda na mwenyewe, kwa kweli. Nilishona mpaka mwisho wa bitana, nikakata uzi kwa meno, nikalikunja vizuri, nikampa kwa mikono miwili.

"Chai nitakutengenezea sasa hivi, Baba Mdogo. Na koti likifumuka tena, lilete, nitalishona."

"Na samahani?" akauliza. "Huna hata neno moja?"

"Kwa hilo, Baba Mdogo, sina neno."